Gurudumu la Tano

Khole alilirudia neno lile njia nzima akiendesha pikapu kutoka Sidab mpaka karakana ya Rusayl, huko Omani, asije akalisahau: gurudumu la tano. Ndivyo mumewe alivyomwambia kwenye simu. Yaarub alifanya kazi jangwani, kwenye visima vya mafuta, na katika miezi mitano ya ndoa yao walikuwa wamekaa pamoja siku kumi na moja. Sasa alikuwa amenunua nyumba ya matairi kwa Mzungu aliyehama, ili wakaishi wote karibu na kambi. Alhamisi angekuja likizo aivute, na Khole akiwa ubavuni mwake. Kilichobaki ni gurudumu hilo tu.

Karakanani alimkuta Gabrieli, fundi wa kutoka Songea, aliyemjibu kwa Kiswahili. Khole alifurahi hata haya zikampungua. Siku tatu hakuwa amezungumza na mtu ana kwa ana ila muuza samaki.

"Nnataka gurudumu la tano la gari hii, kaka."

Gabrieli akaenda, akarudi anabingirisha spea tairi.

"Hili hapa, dada. Manne chini, la tano la akiba."

"Hilo nnalo. Mie nnataka la kuvutia nyumba."

"Nyumba? Unahama na kuta zake?"

Mafundi wakacheka. Khole akavuta mtandio usoni. Ndipo Gabrieli akajipiga paji la uso.

"Ahaa! Kumbe si tairi. Ni chuma kinachofungwa bodini kushika pua ya tela. Wazungu ndio wanakiita hivyo."

Akapanda nyuma ya pikapu na futi yake. Aliposhuka hakuwa anacheka.

"Bodi yako fupi. Nilichonacho ni kile kisichosogea. Ukikata kona kali, pua ya tela inagonga kioo cha nyuma, pale pale penye vichwa vyenu. Wewe unahitaji cha kuteleza, kinachorudi nyuma kwenye kona. Hicho kinaagizwa Dubai. Wiki tatu."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi kitakuwa hakijafika."

Likizo ikipita, nyingine ni baada ya miezi miwili. Khole akasogea kando, akampigia mumewe, akamweleza yote. Akangoja Yaarub agombe, aseme funga hicho hicho, tutakwenda taratibu. Naye Khole angekubali, kioo na kivunjike.

"Agiza cha kuteleza," alisema Yaarub. "Hamna haraka. Hata baada ya Ramadhani."

"Hamna haraka?"

"Hamna. Haya, wananiita."

Simu ikakatika. Gabrieli alikuwa na kalamu mkononi.

"Shemeji kasemaje?"

"Andika cha kuteleza."

Akaandika, akamkatia karatasi ya oda. Kazi ikawa imekwisha. Khole aliikunja karatasi mara mbili, akaikunjua, akatazama njia ya kurudi Sidab, kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Hebu nieleze tena, kaka," akasema. "Hicho chuma kinatelezaje?"

Gabrieli akamtazama kidogo, akaweka kalamu chini, akaanza kumweleza upya.