Mawe Yaliyosuguliwa

Niliwaleta wenzangu kwetu Murera kupima afya ya kijito kilicho chini ya shamba. Nilikuwa nimejigamba kwamba chini ya kila jiwe tutapata wadudu wadogo wasioweza kuishi kwenye maji machafu.

Nikageuza jiwe la kwanza, halina kitu. La pili pia halina. Yote yanang'aa kama sufuria za harusi, na matete yamefyekwa.

"Nani amefanya huu ujinga?" nikafoka.

"Ni mimi," mama akasema, brashi ya kufulia mkononi. "Si ulisema unaleta wageni kuangalia mto? Sikutaka waseme umetoka kwa watu wachafu."

Hasira ikaniishia mdomoni. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa baridi. Nilipoinama kukamua leso yake iliyolowa, nikaona mdudu mmoja ameng'ang'ania pindo. Mama akainua mkono amkung'ute.

"Mwache, mami. Huyo ndiye mwenye nyumba."

"Ngai! Kumbe nimemfukuza kwake?"

Akapiga magoti, akamrudisha majini taratibu, akimwomba msamaha kwa Kikuyu.