Kuku wa Mama Johari

Leah alihamia Nandagala na mumewe Richard, binti yao Johari, ng'ombe kumi na wanane, na neno moja lililomkaa kifuani likakosa pa kutokea. Lenyewe halikuwa refu. Mwaka mmoja nyuma, walipokuwa bado wakichunga Ruponda, upande wa Nachingwea, alimzika mtoto wake wa kiume, na katika siku zile ambazo hakuweza hata kusonga ugali, Mungu alikuja akakaa naye. Hivyo ndivyo alivyolielewa, na hakuna ambaye angemtoa hapo. Alitaka kumwambia mtu.

Na mtu mwenyewe alikuwa keshampata. Jirani yake, Mwanaheri, mke wa Halfani, alikuwa mwenyeji wa pale na Mwislamu wa tangu enzi za babu zake. Wakati wenzake wakiwatazama Wasukuma kama kina Leah kwa jicho la pembeni kwa sababu ya ng'ombe, yeye alimpeleka Leah kisimani siku ya kwanza, akamwazima jembe, na akamgawia mbegu za mbaazi bila kuulizwa. Leah alimpenda. Tena alimpenda mno, hata wazo la kwenda mbinguni na kumkosa Mwanaheri kule lilimnyima raha.

Kanisani kwao, chini ya mabati yaliyochoma kama kikaango, mwinjilisti Modest hakuwa mtu wa mzaha. Kila Jumapili aliwauliza waumini mmoja mmoja wamemshuhudia nani habari za Yesu wiki ile, na asiye na jibu aliinama akakagua vidole vya miguu yake. Aliwafundisha na njia. Anza na upendo, aliwaambia, mpelekee jirani chakula, moyo ukilainika ndipo useme.

Basi Leah akaanza na chakula. Kila Jumamosi alikamata kuku, akamchinja mwenyewe nyuma ya jiko, akamuunga kwa nyanya na vitunguu, na bakuli la kwanza likaenda kwa Mwanaheri. Msomaji keshaona tatizo liko wapi. Leah hakuliona. Katika kijiji alichokulia, kule Kwimba, wote walisali kanisa moja, na kuku alikuwa kuku tu, hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani ulioshika kisu. Na mtu akishakuwa na haraka ya kutenda wema, hata kuuliza husahau.

Mwanaheri alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akashukuru, akaulizia hali ya Johari. Jioni bakuli lilirudi limeoshwa, ndani yake karanga au mihogo. Kila alipopeleka bakuli, Leah alikaa mkekani kwa Mwanaheri akajaribu kulitoa lile neno lake, lakini kila alipofungua kinywa yalikuja maneno ya Modest, makubwa, yaliyonyooka kama ya redioni, naye akayaonea aibu akaishia kuzungumzia mvua. Hata hivyo Jumapili alisimama akasema jirani yake anazidi kulainika. Watu walipiga makofi, na Leah aliketi amejaa furaha. Mambo yalikwenda hivyo miezi mitano.

Aliyekuja kuyaharibu alikuwa mzee Eustakio, mjane aliyeishi peke yake kando ya njia ya kisimani, Mroma wa ubatizo wa utotoni na mpenzi wa pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho. Asubuhi moja ya Jumatatu Leah alikuwa akipita na ndoo, mzee akamwita kibarazani.

"Mama Johari, nakushukuru sana mwanangu," alisema. "Kuku wa juzi chumvi ilizidi kidogo, lakini hao wengine wote walikuwa sawasawa."

Leah alicheka kwanza, akidhani ni pombe ya jana inayosema. Mzee akaeleza taratibu, kwa ukarimu wa mtu asiyejua anachokibomoa. Kila Jumamosi Mwanaheri humletea bakuli la kuku na kumwambia limetoka kwa yule Msukuma. Wao hawawezi kumla, kwa kuwa hakuchinjwa na Mwislamu, na kumtupa wanaona ni dhambi. Ilipofika hapo ndipo mzee akakumbuka kwamba alikatazwa kusema, akashika mdomo, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Leah alirudi na ndoo tupu. Aliona aibu, aibu ya kutaka kufunga virago arudi Kwimba kwa miguu. Aliwaza makofi ya kanisani. Alimwaza pia mzee Eustakio, ambaye yeye alimpita kila siku kwa "shikamoo" ya haraka na hakuwahi kumpelekea hata kijiko cha mchuzi, kwa sababu mtu aliyekwisha kubatizwa, Modest hakumhesabu.

Alinung'unika kutwa nzima. Kesho yake alikamata jogoo, akamfunga miguu, akambeba akiwa hai hadi kwa Mwanaheri, akamweka chini.

Mwanaheri alimtazama jogoo, akamtazama Leah, akaelewa. Alimwita mumewe, na Halfani akaja na kisu, akamwelekeza jogoo kibla, akataja jina la Mungu, akachinja, akarudi zake kwenye magunia yake ya mbaazi. Wanawake wawili waliketi na beseni la maji ya moto katikati yao, wakaanza kunyonyoa.

"Kwa nini hukuniambia?" Leah aliuliza.

"Ningekwambia ungeona haya, usije tena," alisema Mwanaheri. "Maziwa uliyokuwa ukituletea tuliyanywa. Nyama ilitushinda. Mimi nilikuwa nakutaka wewe."

Machozi yalimtoka Leah, na mikono ilikuwa imejaa manyoya, hivyo akayaacha yateremke. Mwanaheri alimsubiri. Kisha akasema, bila ukali, kwamba yeye si mtoto, anajua kuna kitu ambacho mwenzake huja nacho kila Jumamosi akaondoka nacho, na leo, kwa kuwa bado jogoo hajaiva, akiseme.

Leah alitafuta maneno ya Modest, hakuyaona. Akaanza na Ruponda. Alisimulia homa iliyoanza Alhamisi, gari lililochelewa, kaburi dogo katika ardhi isiyo ya kwao. Alisimulia jinsi alivyolala siku nyingi uso ukutani, hadi asubuhi moja alipojua hayuko peke yake mle chumbani. Hakuona mtu wala hakusikia sauti, ila alijua, na jina alilolitaja lilikuwa la Yesu. Tangu siku ile alikuwa akitafuta wa kumwambia, na amemchagua yeye kwa kuwa hana mwingine anayempenda hivi katika nchi hii ya ugeni.

Mwanaheri alikuwa ameacha kunyonyoa tangu lilipotajwa kaburi. Mikono yake ilibaki ndani ya beseni, maji yakipoa.

"Nimekusikia," alisema. "Kila kitu nimekisikia. Na sitakudanganya, dini yangu ndiyo hii, nitafia humu."

"Sawa," alisema Leah, na akashangaa kwamba kifua chake kilikuwa chepesi.

"Na mimi nilizika wawili, mama Johari. Mapacha. Miezi mitano unakaa mkekani kwangu, hujawahi kuniuliza."

Leah alimtazama. Maneno yalimwingia hadi chini kabisa, pale ambapo makofi ya Jumapili hayakuwahi kufika. Alitoa mkono majini, akaukausha kwa kanga, akaushika mkono wa Mwanaheri uliokuwa bado umelowa.

"Walikuwa wanaitwa nani?" aliuliza.

Mwanaheri akamtajia. Wa kwanza Hamidi, wa pili Nasma. Kisha akaanza kusimulia tangu mwanzo, na Leah akasikiliza.