Swichi ya Makokha

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu!" Makokha aliapa, mkono mmoja juu, akiwa amembana jogoo wake kwapani. "Mkinikamata na uongo hata wa neno moja, huyu jogoo ni wenu."

Waliokuwa wakingoja chapati za Loice pale sokoni Kalerwe wakasogea. Walimjua mzee huyo Mkenya, mstaafu wa kiwanda cha nyuzi cha Kawempe. Walijua pia kwamba alimpenda jogoo huyo kuliko koti lake la kanisani.

"Plastiki inayeyushwa mpaka iwe kama uji, inasukumwa kwenye matundu madogo, inatoka uzi. Joto likipungua, uzi unakatika. Likizidi, unakuwa wa rangi ya chai. Miaka kumi na tisa nililishika joto hilo kwa swichi ya kuzungusha, kwa dole gumba hili! Wakaleta kompyuta ijipimie joto na kujirekebisha yenyewe. Ikashindwa! Injinia akapiga magoti: mzee, tuokoe. Nikazungusha miaka sita tena, hadi pensheni. Uzi haukukatika hata mara moja."

"Ssebo, mzee wangu, hata moja?" Loice alicheka, akigeuza chapati.

"Hata moja!"

"Hayo magoti yalikuwa ya nani?"

Makokha aliitambua sauti kabla hajageuka. Goretti, injinia mwenyewe, na kikapu cha nyanya.

"Kompyuta haikushindwa hata siku moja, mzee wangu. Hiyo swichi, waya wake niliukata wiki ya kwanza ya kompyuta. Wakubwa walitaka kukufukuza, nikawaambia joto bado linataka mtu. Miaka sita ulizungusha hewa!"

Kicheko kilimfanya jogoo apige mabawa. Makokha hakucheka. Wiki ile ile miwani yake ilikuwa imeanguka nyuma ya mtambo. Alipoinama kuiokota aliuona waya umekatwa, na ncha yake imeviringishwa utepe mweusi. Mtu alikuwa amevifikiria vidole vyake.

"Nilijua," alisema. "Uliufunga utepe usinipige shoti. Ningekushukuru, wakubwa wangejua. Basi nikawa nazungusha kila asubuhi, nikikuombea."

Goretti akatua kikapu chini. Makokha akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

"Asante, binti yangu. Kwa miaka yote sita."

Goretti alimpokea, akafuta jicho kwa bega. "Na hii ya kujua, nayo ni kweli?"

"Haki ya Mungu," alisema Makokha. "Ila jogoo wa kuapia sina tena."