Mkono wa Mdogo Kuliko Wote

Walikuwa wamekwisha keti, chungu kilichoundwa kwa chokoleti kikiwa katikati ya meza, mlango ulipogongwa. Odile alikwenda kufungua, akarudi na kijana mweusi, mwembamba, aliyelowa mvua hadi kwenye kola.

"Huyu ndiye Bezabih," alisema, uso umemchangamka. "Karani wa ujumbe wa Uhabeshi. Nilimwambia siku akihitaji watu, aje kwetu."

Akihitaji watu! Amédée, aliyeketi kando ya kiti cha Odile, aliyarudia maneno hayo moyoni. Odile alikuwa mpiga taipu katika Shirikisho la Mataifa, na tangu Italia iivamie Uhabeshi hakuwa na hadithi nyingine: Bezabih kasema hivi, Bezabih kacheka vile.

Bibi Clotilde, nyanya yake Odile, alimvutia mgeni kiti. "Kaa baba, usije ukaganda hapo. Una miaka mingapi?"

"Ishirini, bibi."

"Lo! Odile, leo umepinduliwa!"

Usiku huo Geneva nzima ilikuwa ikikumbuka maadui wa kale waliopanda kuta za mji wakashindwa, mama mmoja akiwamwagia chungu cha supu ya moto. Kwa kumbukumbu hiyo chungu cha chokoleti huvunjwa na mkubwa na mdogo kuliko wote walio mezani, mkono juu ya mkono, na miaka yote mdogo alikuwa Odile. Ndiyo maana Amédée, fundi wa chokoleti katika duka la Bwana Rochat, alikuwa ameficha pete ya uchumba ndani ya chungu, kati ya karoti na kabichi ndogo za lozi na sukari.

"Mgeni hahesabiwi," alisema.

"Akiketi mezani kwangu anahesabiwa," alijibu Bibi Clotilde. "Au unaogopa atakumalizia karoti?"

Ngumi ya bibi na ya Bezabih zilishuka pamoja, chungu kikapasuka. Bezabih aliiona pete kabla ya wengine. Akamtazama Odile, akautazama uso wa Amédée, akaichukua na kufumba kiganja. Sahani ilipokuwa ikizungushwa, akaipenyeza kimyakimya mkononi mwa Amédée.

Amédée angependa zaidi kuchekwa. Hata kwa uungwana jamaa huyu alikuwa amemshinda.

"Basi Shirikisho litawaokoa lini?" aliuliza, ili amchome.

"Amédée!" Odile alimkemea.

"Mwache," alisema Bezabih. "Magazeti mmeyasoma. Mataifa mawili makubwa yamejifungia faragha, yakaikata nchi yetu kama keki, fungu nono kwa Italia. Na mafuta ya magari yake ya vita bado inauziwa. Kesho narudi nyumbani kupigana."

Odile aliufunika uso. "Nimeyapiga taipu mwenyewe maneno yale, kwamba taifa moja likivamiwa wote watasimama nalo. Mara ngapi!"

"Wewe hukudanganya. Njoo tu unipungie mkono stesheni. Nilipofika hapakuwa na mtu wa kunipokea."

"Mapumziko yangu mafupi. Kwa miguu sifiki."

Bibi Clotilde alimtazama Amédée. "Si una baiskeli, wewe?"

"Nitamleta," alisema Amédée, shingo upande.

"Unaahidi?" Bezabih hakuwa akimkejeli. "Katika mji huu nimeahidiwa mengi."

"Naahidi."

Asubuhi duka lilifurika wanunuzi wa vyungu. Amédée alipoomba ruhusa, Bwana Rochat alisimama mlangoni.

"Leo? Siku ya mavuno yetu? Ukitoka, aproni iache hapo, na usirudi."

Amédée alisita. Akibaki, treni itaondoka na yule mtu, na nani atamlaumu? Sababu anayo, tena nzuri. Bila shaka na yale mataifa makubwa yalikuwa na sababu zao nzuri.

Akaifungua aproni.

Alipanda kilima hadi ofisini kwa Odile, akampakia kwenye keria, akakanyaga pedali hadi kifua kikamwaka. Stesheni, Odile aliruka chini kabla baiskeli haijasimama, akakimbia. Bezabih aliipokea mikono yake yote miwili, wakaanza kuzungumza, na Odile akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Yeye Amédée hakuwahi kumliza hivyo, wala kumchekesha hivyo.

Alibaki kwenye nguzo ameshika baiskeli, pete mfukoni, chokoleti imemkaukia kuchani. Iliuma kama alivyojua itauma. Odile alipogeuka kumtafuta kwa macho, aliinua mkono kumwonyesha kwamba asiharakishe, muda bado upo.