Mswaki wa Betri

Povu lilikuwa na damu. Lukresia alilitema kwenye bakuli, akafumba macho, kisha akaniambia, "Baba Elifuraha, mimi si sufuria."

Mkono wangu ni wa kupasua mawe. Miaka ishirini na sita nimepasua mawe ya misingi huku Uru, na hakuna aliyenifundisha kupitisha kitu mdomoni mwa mtu. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimeacha kazi. Ulianza mkono wa kulia, vikombe vikawa vinamponyoka. Ukafuata wa kushoto. Kichwa kilibaki kizima, na ulimi, na haya zake. Kulishwa mtori wa ndizi kwa kijiko alikubali. Kusuguliwa meno na mume alikataa.

"Hilo moja niachie," alisema.

Elifuraha, binti yetu, ndiye aliyetuambia kwenye simu kutoka Dodoma kwamba iko miswaki ya umeme: mtu anaushikilia tu, unasugua wenyewe. Nikashuka mjini Moshi.

Dukani msichana aliniamkia shikamoo, akaweka miwili juu ya kaunta.

"Huu wa betri, baba, ni wa kawaida. Kichwa chake hakibadilishwi, miezi mitatu unatupa. Huu mwingine bei imezidi kidogo tu, ila unachaji, ukikandamiza sana unasimama wenyewe. Miaka mitano uko nao."

"Miaka mitano," nikasema.

"Hata sita! Ni wa mama? Mchukulie huu, baba, usimbanie." Akacheka.

Wiki moja kabla, daktari alikuwa amenitoa nje ya wodi. Aliniambia ugonjwa huu hauna dawa, umeshafika kwenye misuli ya kifua, na tukipata miezi mitatu tumshukuru Mungu. Niliporudi kitandani kwake nikamwambia Lukresia kwamba ni mishipa tu, itaamka taratibu. Nilimwambia hivyo huku nikimtazama usoni.

Pesa nilikuwa nayo. Niseme hilo, maana watu wakisikia hudhani ni ufukara. Tofauti yenyewe haikufika bei ya mkungu wa ndizi. Lakini nilipoutazama ule wa miaka mitano, nilimwona mtu akiukuta dirishani baada ya mazishi, ungali mpya, asijue aufanyie nini.

"Nipe wa betri."

Nyumbani nikamfungia mswaki kiganjani kwa kitambaa, nikabonyeza swichi. Ukanguruma. Akainamisha kichwa, akaufuata kwa mdomo, na povu likamwagika kidevuni, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu masika.

Kisha akasema, "Lete boksi."

Mimi niliishia darasa la tano. Tangu tuoane, karatasi zote za nyumba hii alisoma yeye: za ushirika wa kahawa, za shule, za kanisa. Boksi nilikuwa nimelibeba kwa mazoea. Lilijaa Kiingereza. Nikalishika mbele ya macho yake, nikaligeuza aliponiashiria. Alisoma polepole mpaka mwisho, kama alivyosoma kila kitu.

"Hapakuwa na mwingine?"

"Hapakuwa."

"Hapa wanasema utupwe baada ya miezi mitatu."

Nikaliweka boksi chini.

"Wewe hununui kitu cha kutupa," akasema. "Jembe moja umelitia mpini mara nne. Daktari alikuambia ngapi?"

Nikaanza kufungua kitambaa kiganjani mwake. Fundo nilikuwa nimelikaza mno, vidole vyangu vikalizunguka bila kulipata.

"Hiyo hiyo," nikasema.

Hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia. Alitazama mlango uliokuwa wazi, na migomba nje ikidondosha maji ya manyunyu. Hata hiyo mitatu hakuifikisha. Alituacha wiki ya saba. Siku ile hakuna aliyejua hilo, lakini alikuwa ameshaanza kupanga.

"Elifuraha anasema atakuja Krismasi," alisema.

Huku kwetu kila aliye mbali hurudi Desemba, hata aliyenuniana na nduguze. Ilikuwa Juni.

"Mpigie. Asingoje."

Nikapiga. Mtoto alipopokea, nikamwita jina, basi. Lukresia akaniashiria kwa kidevu nimwekee simu sikioni, nikaishika hapo kwa mikono miwili. Kisha akamuuliza bintiye kama ameshakula.