Gari la Milango Miwili

Kutoka Miyuji hadi njia panda ya Mbande, Lea hakulalamika. Lami ilikuwa nzuri, Devota alikuwa amelala mapajani, na mumewe aliendesha taratibu kwa namna yake, yaani aliyapita malori mawili mawili badala ya matatu matatu. Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza, kwenda Mlali kuonwa na bibi yake mzaa mama, na tangu alfajiri Lea alikuwa ameamka na kitu kama jiwe chini ya moyo, asijue ni cha nini.

Alikuwa kiti cha nyuma. Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, limelala chini kama mjusi, na lilikuwa na milango miwili tu. Ukitaka kukaa nyuma, aliye mbele ashuke kwanza, avute kishikio, kiti kikunjwe, ndipo ujipenyeze ukiwa umeinama kama mtu anayeingia nyumba fupi ya tembe. Kutoka ni vivyo hivyo. Kiti cha abiria cha mbele siku hiyo kilikuwa kimechukuliwa na mkungu wa ndizi ambao mumewe, Respicius, aliuagiza kutoka kwao Bukoba kwa ajili ya mama mkwe, na juu yake blanketi na ndoo ya mafuta ya kupikia, vyote vimefungwa mkanda. Vingekaa kwenye buti, lakini buti lilikuwa limejaa spika. Kwa hiyo Lea na mtoto wangetoka upande mmoja tu, upande wa dereva, na dereva angeshuka kwanza.

Kusema kweli, Lea naye aliwahi kulipenda gari hilo. Alipokuwa akisoma masomo ya jioni pale mjini, ngurumo ya ekzosi yake ilikuwa ikimfuata mpaka darasani, na wenzake wakimcheka, wakimwambia afunge daftari, radi yake imefika. Aliona fahari. Hata tumbo lilipoanza kuonekana hakumwambia mumewe aliuze. Walikubaliana vizuri tu: watafute gari la familia, la milango minne, lenye pa kumlaza mtoto, na jekundu libaki la Jumapili. Lea aliona ni haki. Mtu anaweza kuwa baba na bado akabaki na kitu chake anachokipenda. Ila miezi ilipita. Mara Respicius aliona gari la familia, rangi yake ikamchusha, mara alisema akilinunua atazeeka kwa wiki moja. Mtoto akazaliwa, akaletwa nyumbani kutoka hospitali kwenye kiti kile kile cha nyuma, na Lea akaanza kuona haya kuuliza.

Baada ya Kongwa barabara ikawa ya vumbi. Kila jiwe lililogonga chini ya gari Lea alilisikia kwenye nyayo zake.

Nyumbani kwa mama yake ni ng'ambo ya korongo. Mtu wa huko akifika korongoni, hata mchanga uwe mkavu na wa moto kiasi cha kukaangia karanga, husimama kwanza. Hutazama milima ya upande wa Mpwapwa kama imefunikwa. Kisha hunyamaza, akasikiliza. Maana mvua hunyesha kule juu, huku chini jua linawaka, na maji huja yenyewe bila wingu la kuyatangulia. Lea alifundishwa hayo kabla hajafundishwa a, e, i, o, u. Lakini dirisha la nyuma la gari lile lilikuwa dogo, tena limebandikwa karatasi nyeusi. Alipojaribu kutazama milima, aliona kipande cha giza na sura yake mwenyewe.

"Simama kidogo tuangalie," alisema.

Respicius akacheka. Alikuwa mtu mwema, mwenye maneno mengi, aliyekulia kando ya ziwa. Kwao mto uliitwa mto kwa sababu una maji.

"Tuangalie nini, Mama Devota? Mchanga? Ninyi Wagogo mna raha sana. Mchanga mnauita mto."

"Na ninyi Wahaya mna sifa. Simama, Baba Devota."

Respicius akamwambia kuwa mchanga hausimamiwi, mchanga unapitwa kwa mwendo, ukisimama tu umezama. Hilo nalo lilikuwa kweli, kwa gari lililoinuka kutoka chini. Akakanyaga mafuta.

Walifika katikati. Lea alisikia tumbo la gari likilala, sauti laini, kama mtu anayeketi kwenye gunia la mtama. Gari likasimama. Magurudumu yakaendelea kuzunguka peke yake, na sehemu ya nyuma ikashuka, na yeye na mtoto wakashuka nayo.

Devota akaamka. Hakulia. Alimtazama mama yake tu.

Kwa kioo cha mbele, juu ya bega la mumewe, Lea aliona ukingo wa pili. Ng'ombe kama ishirini walikuwa wamesimama pale juu, wamejipanga, vichwa vimeinuliwa, hakuna hata mmoja anayeshuka. Nyuma yao mzee mmoja mwenye shuka alikuwa anapunga fimbo kwa nguvu. Respicius naye akampungia mkono. Akasema huyo anataka abembelezwe aje kusukuma, na kwamba hawambembelezi, gari litatoka.

Lea alielewa. Ng'ombe wenye kiu hawasimami juu ya korongo bila sababu.

"Zima gari," alisema.

"Inatoka hii. Subiri."

"Zima nisikilize."

Akakanyaga mafuta. Ekzosi ikanguruma, ngurumo ile ile iliyokuwa ikimwita kutoka darasani, sasa imejaa ndani ya kile kiti cha nyuma mpaka mbavu za mtoto zikawa zinatetemeka chini ya kiganja chake. Mchanga ukaruka. Gari likazama zaidi. Lea alimwambia ashuke, kiti kikunjwe, watoke, mengine baadaye. Respicius alisema sekunde moja tu. Akarudisha gia nyuma, akakanyaga tena. Lea alimpiga begani, hajawahi kumpiga maishani, na yeye hakugeuka. Alikuwa ameinamia usukani, ameukumbatia, na alikuwa anazungumza, ila hakuwa anazungumza na mkewe. Alikuwa analibembeleza gari. "Njoo, njoo, njoo mama," alikuwa anasema.

Hapo ndipo Lea alipoogopa hasa. Maji yeye alikuwa akiyajua tangu utotoni. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa amefungiwa nyuma ya mtu asiyemsikia. Kushoto kwake mkungu wa ndizi, kulia kwake bati na kioo kisichofunguka, mbele yake mgongo wa mume wake. Hakukuwa na namna ya kutoka mpaka mgongo ule uamue. Akamkumbatia Devota akaanza kupima dirisha kwa macho, kama likivunjwa kichwa cha mtoto kitapita.

Mara ya tatu alipokanyaga, mlango wa dereva ulifunguliwa kutoka nje. Alikuwa yule mzee. Alikuwa amekimbia, kifua kinapanda na kushuka. Aliupitisha mkono wake mrefu mbele ya Respicius, akashika ufunguo, akazima.

Kukawa kimya. Ndani ya kimya kile wakasikia. Ilikuwa sauti ya malori mengi yanayokuja kwenye kokoto, mbali kidogo, kisha si mbali.

Respicius akatoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alishika kishikio cha kiti, mkono ukateleza, akashika tena, na kiti kikakunjika. Nafasi ikafunguka, nyembamba, yenye mwanga. Lea alimtanguliza mtoto mbele, na pale mlangoni aliona mikono minne imenyooshwa. Miwili ilikuwa ya mume wake, yenye saa ambayo Lea mwenyewe alimnunulia. Miwili ilikuwa ya mzee asiyemjua, yenye vumbi na makovu ya kazi.

Akampa mzee.

Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Respicius aliona. Mzee akageuka akakimbia, shuka inapepea, mtoto kifuani, na Lea akajivuta nje, goti likachanika kwenye chuma, akakimbia nyuma yake bila viatu. Mume wake alimshika kiwiko akamsukuma mbele kwenye mteremko wa ukingo, na walipokuwa bado wanapanda kwa mikono na miguu, maji yakapita chini yao.

Hayakuja kama wimbi. Yalikuja kama ukuta mfupi wa tope, umebeba magogo, miiba na povu la rangi ya chai. Yaliligonga gari jekundu ubavuni, yakaliinua taratibu kama mtu anayeinua kitanda kufagia uvungu, yakaligeuza, yakaondoka nalo. Mlango wa dereva ulikuwa bado wazi. Ulifungika na kufunguka mara mbili hivi, kisha gari likafika kwenye kona na halikuonekana tena.

Lea hakulitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameshampokea Devota, amemvua nguo zote, anamgusa vidole, masikio, visigino, anavihesabu kama vile siku aliyozaliwa. Meno yake yalikuwa yanagongana ingawa jua lilikuwa kali.

Baada ya muda Respicius akakumbuka adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee akajitambulisha kuwa anaitwa Mazengo, na alipoambiwa waendako, akasema nyumba ya mama yake Lea anaijua, si mbali kwa miguu. Kisha akamtazama Respicius kwa utulivu. "Ng'ombe wangu walikataa kushuka. Nikakuona wewe unashuka. Nikasema, huyu ana nini ambacho ng'ombe hawana?"

 Respicius alitazama miguu yake. Mzee akamwambia asiwe na neno, jioni maji yakipungua gari litapatikana huko chini, limejaa mchanga, na mchanga hauna haraka. Akawasindikiza hadi kwenye njia, akarudi kwa mifugo yake.

Walitembea. Lea alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga iliyolowa jasho, mumewe akafuata nyuma, kiatu kimoja mguuni na kingine hajui kilipo. Njia ilipita katikati ya mashamba ya mtama uliofika magotini.  Lea aliogopa kugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka ataona mgongo.

"Tutanunua gari la milango minne," Respicius alisema hatimaye. "Hata kesho nianze kutafuta."

"Sawa."

"Au lile refu, la milango ya kuvuta."

"Hata iwe minane." Alisikia sauti yake ikipasuka. "Siogopi milango, Baba Devota."

 Waliupita mti mmoja, wakaupita mwingine. Kisha Respicius akasema, polepole, kama anatoa mwiba, "Ulimpa yule mzee."

"Nilimpa."

"Mikono yangu ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Sikujua kama haitarudi kwenye usukani."

Lea alingoja ajitetee. Alijua namna yake ya kujitetea, jinsi anavyoanza kwa kicheko na kumalizia kwa kisa cha Bukoba. Hakikuja kicheko. Alipogeuka, kwa kuwa ilimbidi ageuke, alimkuta mumewe amesimama njiani, uso umejaa vumbi isipokuwa mistari miwili iliyosafishwa.

"Nilikusikia," alisema. "Mara zote. Nilikusikia nikaona kwanza niitoe gari. Sijui kwa nini. "

Lilikuwa jibu baya, na Lea aliliogopa. Lakini lilikuwa la kweli, na katika miaka yao yote hakukumbuka kupewa jibu lisilopakwa rangi. Alisimama nalo. Goti lililochanika lilikuwa linatoa damu mpaka kwenye kifundo, na nyumba ya mama yake ilikuwa bado kilima kimoja mbele.

"Nimbebe?" Respicius aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa ameweka mikono nyuma, asije akaonekana anadai.

 Jiwe la alfajiri lilikuwa bado lipo pale pale chini ya moyo. Hakuna kilichomwambia kwamba litatoka leo, au kesho, au gari likipatikana, au lisipopatikana. Alifungua fundo la khanga kifuani. Akamzungusha Devota mbele, akambusu utosini, akampa mumewe, khanga ikiwa bado imemzunguka.

Respicius alimpokea kwa mikono yote miwili, akamweka kifuani, akaanza kutembea kwa hatua fupi kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Lea alitembea ubavuni pake, karibu sana. Ncha ya khanga hakuiachia, alikuwa ameizungusha kidoleni. Mumewe aliiona.

Devota akapiga chafya. Wote wawili wakasimama ghafla katikati ya njia, wakamwinamia, wakingoja.