Kinanda Kilichomtia Mwalimu Uziwi

Mwalimu wa piano alikuwa na masikio mawili mazuri na tabia moja mbaya. Masikio yake yaliweza kusikia waya mmoja wa piano ukilegea chumba cha pili, tena mlango ukiwa umefungwa. Lakini mkewe akimwita aje aoshe vyombo, masikio hayohayo yalikuwa hayasikii kitu. Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye sauti ya kupenya ukuta, na aliweza kuita mpaka koo likamkauka, huku Mwalimu akigeuza kurasa za muziki wake ametulia tuli.

"Masikio yako yamekwisha, baba watoto," mkewe alizoea kumwambia. "Nenda kapimwe."

Mwalimu alikuwa akicheka kimoyomoyo. Mchezo ulikuwa umemnogea.

Jumamosi moja binti yao, ambaye alifanya kazi katika duka la ala za muziki, alifika akihema na sanduku refu kama jeneza la mtu mwembamba. Ndani yake mlikuwa na kinanda cha umeme cha aina mpya, chenye vibao vizito kama vya piano halisi. Duka lilikuwa limeleta vingi, navyo vilikuwa vimekaa tu, kwa sababu wapiga piano wenyewe walivipita wakibetua midomo. Wote walikuwa wanangoja Mwalimu aseme neno. Huyu ndiye mtu aliyewahi kuikataa piano nzima kwa sababu kiti chake kilikuwa kinalia.

"Baba, nisikilize vizuri," binti alisema akichomeka waya wa umeme ukutani. "Hiki chenyewe hakina sauti. Sauti inatoka kwenye kompyuta, na kompyuta nimeiacha kwenye gari. Wewe zoea vibao kwanza, nakuja."

Kwa bahati mbaya, dakika hiyohiyo mkewe alikuwa anaita kutoka jikoni habari za masufuria, na Mwalimu alikuwa ameshavaa uso wake wa kutosikia. Akiuvaa uso huo hakuwa anachagua nani amsikie na nani asimsikie; alifunga duka lote. Maneno ya binti yakampita juu kwa juu. Aliona midomo ikicheza, akatikisa kichwa kwa adabu, na binti akashuka ngazi.

Mwalimu alivuta kiti. Piano yake mwenyewe ilikuwa shuleni alikofundisha, maana ngazi za nyumba yao zilikuwa nyembamba, hazikuikubali. Alikigusa kinanda kwa kidole kimoja, kwa dharau, kama anayegusa samaki asiyemwamini. Kibao kikashuka taratibu, kwa uzito wa haki kabisa, kikarudi juu na kidole chake. Nyusi zikampanda. Akashusha mikono yote miwili.

Kimya.

Akapiga tena, kwa nguvu. Alisikia vibao vikigonga tok, tok. Alisikia mafuta yakichachatika jikoni, alisikia pikipiki ikipita barabarani. Muziki, hakuna. Alikagua taa ndogo ya kinanda: inawaka. Alijaribu noti za juu, akajaribu za chini kabisa zinazotetemesha madirisha. Madirisha nayo yalikuwa yametulia.

Jasho jembamba likamtoka. Kumbe ugonjwa huu unachagua! Umeniachia mafuta na pikipiki, umenibebea muziki peke yake. Nimejifanya kiziwi, na sasa nimekuwa kiziwi kweli. Nitafundisha nini? Nitaishi vipi? Akaogopa kama mtoto.

Hapo mkewe akatokea jikoni na mwiko mkononi. Kwa kelele za mafuta, naye hakuwa amesikia neno la binti yake. Alimkuta mumewe anayumba mbele ya kinanda, vidole vinakimbia. Akasimama. Akaingiza kidole sikioni, akakitikisa kama aliyeingiwa na maji.

Mwalimu alijikaza, akauliza kwa ujanja, "Unaionaje sauti yake?"

Mkewe akakichomoa kidole sikioni. "Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Inapenya."

Mwalimu alivunjika moyo. Basi sauti ipo, na anayeikosa ni yeye tu.

"Na wewe unaionaje?" mkewe aliuliza harakaharaka.

"Besi imejaa," alijibu Mwalimu, kwa sauti ya mtaalamu. "Huku juu pana ukali kidogo."

Mkewe akaketi ghafla kwenye kochi.

Mwalimu aliona kama huu ndio mwisho, atampigia walau wimbo mmoja wa kumuaga. Alichagua ule aliomtungia zamani, enzi za kuchana suruali zake kusudi ili apate sababu ya kwenda kibandani kwa fundi huyuhuyu. Hakusikia hata noti moja, lakini vidole havikupotea. Alipotaka upole vibao vilimpa upole, alipotaka uzito vilimpa uzito. Alipoinua macho, mkewe alikuwa analia. Naye machozi yakamtoka, hakuyazuia.

Binti aliingia na kompyuta kwapani, spika mkononi. "Jamani! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Mwalimu akijifuta. "Wimbo umemgusa mama yako."

"Wimbo upi? Baba, si nimekwambia hakina sauti? Hata waya wa kompyuta bado sijachomeka!"

Mume akamtazama mke. Mke akamtazama mume.

"Wewe ulisema nzuri sana," Mwalimu alisema polepole.

"Na wewe ulisema besi imejaa!"

"Nilidhani nimekuwa kiziwi!"

"Na mimi je? Ninayekusimanga masikio kila siku, ningeanzaje kusema yaliyokufa ni yangu?"

Binti alicheka mpaka akaiweka spika chini isije ikamponyoka. Kisha akaunganisha nyaya, na Mwalimu akaupiga tena wimbo ule. Sauti ikajaa chumba. Akafumba macho kwa raha.

"Sasa Baba, wateja niwaambie nini?"

"Waambie Mwalimu amekipiga bila kusikia kitu, na vidole vyake vikajua vilipo. Vibao ni vya kweli."

"Na sauti?"

"Muulize mama yako. Yeye aliisikia kabla yetu."

Mkewe alimwinulia mwiko, lakini harufu ya kuungua ikamrudisha jikoni mbio. Mwalimu akaendelea kupiga. Alikuwa katikati ya wimbo, pale patamu, sauti ilipotoka jikoni:

"Baba watoto! Vyombo!"

Uso wa kutosikia ulianza kumjia wenyewe, kwa mazoea. Mwalimu alishtuka, akaruka kutoka kitini.

"Nimesikia!" alipaza sauti, na tayari alikuwa anakunja mikono ya shati. "Mke wangu, nimesikia!"